Kichwa Kilichokwisha Kuanzwa

Jumamosi, tarehe 18 Novemba, mwaka wa 2006, Naliaka alikabidhiwa kibanda cha mwajiri wake akikalie kama mwenyewe, na siku hiyo hiyo akajua kwamba mtu aweza kufungwa na kitu alichokuwa akikiomba kwa Mungu kwa magoti.

Kibanda chenyewe kilikuwa Kenyatta Market, upande wa wasusi, mahali ambapo moshi wa nyama choma huwapitia wateja usoni na kuingia katika nywele zao kabla hazijasukwa. Kilikuwa na viti vitatu, kioo kirefu, na nywele za kuunganishia zilizoning'inizwa misumarini kama mikia. Mwenyewe aliitwa Njambi, ila soko zima lilimwita Mama Macharia kwa jina la mwanawe. Alikuwa amepata chumba cha kusukia katikati ya jiji, ghorofani, na kuanzia Januari angehamia huko. Kibanda kingebaki mikononi mwa mmoja wa wasusi wake wawili, Naliaka au Millicent. Huyo asingekuwa mwajiriwa tena. Angelipa kodi, na faida ingekuwa yake.

"Jicho langu liko kwako, Mama Nekesa," Mama Macharia alimwambia Naliaka, akimwita kwa jina la kifungua mimba wake. "Mkono unao, soko lote linajua. Sijui kama mdomo unao. Jumamosi mimi nitakaa kwenye stuli ninywe chai yangu. Wewe ndiwe mwenye kibanda. Nataka nione viti vyote vimekaliwa."

Kila msusi wa soko lile alijua maana ya mdomo. Mteja akipita, huitwa. Akisita, hushikwa mkono. Akiketi, kabla hajauliza lolote la maana, msuko wa kwanza huwa umekwisha kufungwa utosini mwake. Huko ndiko kuanza kichwa, na kichwa kikishaanzwa hakina pa kwenda. Ni mwanamke gani atakayetoka barabarani nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimesimama kama za mtu aliyekutana na jini? Kwa hiyo wasusi wawili huweza kuanza vichwa vitatu asubuhi, wakawa wanaruka kutoka kimoja hadi kingine, misuko michache hapa, michache pale, na kila anayelalamika huambiwa, "Bado kidogo tu, mrembo." Hiyo bado kidogo yaweza kufika magharibi.

Miaka yote aliyosuka pale, Naliaka hakuwahi kuyasema maneno hayo. Aliyasema Mama Macharia. Naliaka aliinamisha uso, vidole vikaenda, na jioni aliporudi kwake Kabiria alijiambia kwamba yeye hajamdanganya mtu.

Kabiria ndiko alikosomea pia. Mara mbili kwa juma, kazi ikiisha, aliingia katika ukumbi wa kanisa, akaketi kwenye benchi pamoja na wenzake wa ngumbaru, watu wazima waliokuwa wakijifunza kusoma, wengine wakiwa na wajukuu. Alikuwa mama wa watoto wanne alipoandika jina lake kwa mara ya kwanza, na siku hiyo aliliandika hadi kalamu ikatoboa karatasi. Sasa alikuwa akiandika insha. Alhamisi iliyotangulia Jumamosi ile, Mwalimu Kalekye alikuwa amewapa kazi ubaoni: "Eleza biashara unayotaka kuianzisha, na jambo moja ambalo hutaliuza hata ukipewa nini."

Mzee Okinyi, bawabu wa nyumba za ghorofa huko Kilimani, aliinua mkono. "Mwalimu, hilo ni swali la watu walioshiba. Mimi huuza hata usingizi wangu. Tajiri ananilipa nisilale."

"Na ukilala, mzee wangu?"

"Nikilala, basi nimemuuzia hewa."

Darasa liliangua kicheko, na Mwalimu Kalekye akacheka nao. Kisha akasema, "Basi anzia hapo, Mzee Okinyi. Hapo ndipo penye insha. Na msidhani masomo haya yataishia kwenye cheti. Mtu husoma mpaka siku anayofukiwa udongo, na somo gumu huwa halina mwalimu mbele yake."

Naliaka aliandika: "Mimi nitakuwa na kibanda cha kusukia nywele. Jambo ambalo sitaliuza ni." Kalamu ikasimama hapo. Aliutazama mstari ule mpaka taa za ukumbi zikazimwa.

Hivyo ndivyo alivyofika sokoni Jumamosi. Mama Macharia alikuwa amewahi. Aliutoa ufunguo wa kufuli la mlango, akauweka kwenye ukingo wa kioo ambapo kila mtu angeuona, akaketi kwenye stuli na chupa yake ya chai.

"Haya, mwenye kibanda," alisema. "Mimi leo ni mgeni. Unikaribishe."

Kiti cha kwanza kilikaliwa upesi na Shiru, muuguzi aliyetoka zamu, ambaye alisema hana haraka na papo hapo akaanza kusinzia. Cha pili alikikalia mama mmoja mfanyabiashara aliyetaka misuko minene. Millicent akamshika huyo, Naliaka akamshika Shiru. Kiti cha tatu kilibaki wazi, na Mama Macharia akawa anakitazama, akimimina chai.

Ndipo alipotokea Anita. Alikuwa binti wa umri wa Nekesa, simu mkononi, nywele zimechanwa zikasimama kama za mtu aliyekimbizwa na mvua.

"Auntie, sasa. Naomba mnisaidie," alisema akiwa bado mlangoni. "Nataka rasta ndogondogo, za kufika mgongoni. Lakini leo ni ruracio yangu. Naletewa mahari kwetu Kinoo, na wageni wanatoka Murang'a, wanafika saa sita. Saa tano lazima niwe kwenye gari. Msusi wangu wa Kilimani amenizimia simu. Niambie tu ukweli, mtaweza?"

Saa tatu ilikuwa haijagonga. Naliaka hakuhitaji kupiga hesabu ubaoni. Rasta ndogo kwenye kichwa chenye nywele nyingi namna ile, hata yeye na Millicent wakiacha kila kitu, zisingemalizika kabla ya saa nane. Na hawangeweza kuacha kila kitu, kwa maana vichwa viwili vilikuwa vimekwisha kuanzwa.

Alimtazama Millicent. Millicent akatazama juu kwenye mabati. Alimtazama Mama Macharia. Mama Macharia alikuwa ameshusha kikombe, ametulia kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua na kungoja kiitikio. Huyu ndiye mwanamke aliyempokea Naliaka alipofiwa na mumewe, akamfundisha kushika kitana, akapitisha mchango soko zima ili jeneza lifike kwao Kimilili. Hakuwa mtu mbaya. Hapo ndipo palipokuwa pagumu.

"Keti, mrembo," Naliaka alisema. "Tutamaliza."

Sauti ilimtoka laini, na kwa mshangao wake ilikuwa sauti ya Mama Macharia hasa, mpaka na lile neno la mwisho lililovutwa. Vidole vikatenga nywele utosini, vikapachika nywele za kuunganishia, vikafunga msuko wa kwanza. Anita akashusha pumzi, akaegemea. Nyuma yao, kikombe cha chai kiliinuliwa tena.

"Umeona?" Mama Macharia akamnong'oneza Millicent. "Alikuwa nao."

Asubuhi ikaanza kuwabana. Naliaka alisuka kwa Anita, akamrukia Shiru, akarudi kwa Anita. Kibanda kilikuwa kidogo kiasi kwamba ili apite kati ya viti ilimlazimu avute tumbo ndani, na kila alipopita aligusa goti la mtu. Nje, madalali wa kuita wateja walikuwa wakipiga kelele. Ndani, maji ya kuchovyea ncha za misuko yalichemka juu ya jiko, na mvuke ukapanda kwenye kioo ukafuta nyuso za wote walioketi.

Simu ya Anita ililia. "Niko kwa nywele, Mum. Saa tano, eh. Wamesema saa tano."

Ikalia tena. "Wamefika wapi? Thika tayari?"

"Bado kidogo tu," Millicent alimwambia bila kuulizwa.

Naliaka alijaribu kuiwaza insha yake ili asiwaze simu ile. Jambo ambalo sitaliuza ni uaminifu. Hapana, hilo lilikuwa neno la mahubiri. Jambo ambalo sitaliuza ni jina langu. Lakini je, si alikuwa amekwisha kulifunga utosini mwa binti huyu? Aliona sasa kwamba mdomo haukuwa umeanza leo. Kila Mama Macharia aliposema bado kidogo, aliyemfunga mteja kitini alikuwa nani? Maneno peke yake hayamfungi mtu. Mteja angesikia uongo, akainuka, akaenda zake. Kilichomzuia ni ule msuko wa kwanza, na msuko ulikuwa kazi ya mkono wa Naliaka. Zamani, kabla ya ngumbaru, mawazo kama hayo yalimpita kama mabango ya barabarani. Alijua yapo, hakujua yanasema nini. Kusoma kulikuwa kumemfungua macho, na alichokiona kwa macho hayo ni kuta.

Na kuta hazikuwa za kumchekea. Akisema kweli, ufunguo ungemtoka. Ufunguo ule ulikuwa karo ya Nekesa chuoni, na chumba chenye madirisha mawili, na kutoitwa tena "yule msichana wa Njambi" katika umri wake. Akinyamaza, binti huyu angekaa hapo hadi saa nane huku watu wa Murang'a wakingoja uwanjani kwa baba yake. Naye Naliaka alijua desturi ile, kwani alikwisha kuwasuka wengi waliokuwa wakienda kuposwa. Wasichana hufunikwa leso gubigubi, wakasimamishwa mbele ya wageni, na bwana arusi huambiwa amchague wake. Nani angechaguliwa wakati mwenyewe yuko Kenyatta Market na kichwa nusu?

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, walisema wahenga. Lakini aliyekuwa akiogeshwa maji haya hakuwa yeye aliyeyavulia nguo.

Saa nne ilipofika, robo ya kichwa ilikuwa imesukwa. Anita alijipapasa nyuma, akagusa nywele zake mwenyewe zilizosimama. Alitafuta macho ya Naliaka kwenye kioo, akafuta mvuke kwa kiganja ili ayapate.

"Auntie, tutamaliza kweli?"

Mama Macharia akajibu kutoka kwenye stuli, kwa ukarimu kabisa, "Bado kidogo tu, mrembo wangu. Bibi arusi hana haraka."

Anita hakugeuka. Bado alikuwa akimtazama mwenye mikono.

"Hatutamaliza," Naliaka alisema.

Millicent aliacha kusuka. Hata Shiru akafumbua jicho moja.

"Nilijua tangu ulipoketi. Nilikudanganya, binti yangu. Rasta hizi ni za saa nane au saa tisa. Lakini tukizifumua sasa hivi, na mwenzangu akishika upande huu nami upande huu, tutakusuka matuta kwa nywele zako mwenyewe, yapande juu mpaka utosini. Utatoka saa tano na dakika chache."

Anita akaanza kulia, kilio cha hasira.

"Ningeenda kwingine! Nilikuuliza! Nilikuuliza mlangoni, sikukuuliza?"

"Uliniuliza."

"Siku yangu, auntie! Nimenunua nguo ya kwenda na rasta. Sasa niende na matuta kama mtoto wa shule?"

Millicent, ambaye alikuwa na moyo mwema na ulimi usiopimwa, akajaribu kumtuliza. "Si watakufunika leso, dada? Hakuna atakayeona."

"Watanifunika, halafu watanifunua!" Anita alifoka, na yule mama wa misuko minene akacheka, kisha akaona aibu akajifanya anakohoa.

"Fumueni," Anita akasema, akifunika uso kwa mikono. "Fumueni basi, mnangoja nini?"

Walifumua. Nywele za kuunganishia zilizokwisha kukatwa na kufungwa zikaanguka sakafuni, na nywele zilizokatwa hivyo haziuziki tena kwa yeyote. Mama Macharia aliziangalia zikianguka, fungu baada ya fungu. Hakupiga kelele. Alifunga chupa yake ya chai, akasimama, akalinyoosha gauni lake.

"Mama Nekesa," alisema, "unadhani mteja akiuliza saa anataka saa? Anataka kutulizwa moyo. Daktari hufanya hivyo, pasta hufanya hivyo, dereva hufanya hivyo. Mimi nilipoanza hapa nilikuwa na stuli moja na mwavuli. Ningekuwa nawaambia wote ukweli, leo ningekuwa bado niko chini ya mwavuli, na wewe ungekuwa huna pa kushika kitana. Hilo nalo uandike huko shuleni kwenu."

Maneno yale yalikuwa na ukweli wake, na Naliaka alilijua hilo. Aliendelea kusuka. Vidole vyake na vya Millicent vilikutana utosini mwa Anita saa tano ikiwa imepita kidogo. Matuta yalitoka mazuri, membamba, yamepanda kama njia za mlimani. Anita aliyatazama kwenye kioo, hakusema ni mazuri, hakusema ni mabaya. Alilipa, akakimbia kuelekea kwenye teksi akiwa ameshika viatu mkononi. Kama aliwahi au hakuwahi, hakuna aliyepata kujua, kwa maana hakurudi tena sokoni.

Jioni Mama Macharia aliuchukua ufunguo kutoka kwenye ukingo wa kioo, akautia katika kiganja cha Millicent, akamfumba vidole.

Millicent alimfuata Naliaka hadi nje. "Dadangu, sikuutaka kwa njia hii."

"Najua."

"Nenda kamwombe radhi. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mbona unajifanya humjui?"

"Niombe radhi kwa kitu gani, Milli? Niombe radhi kwa kujibu?"

"Kwa kujibu mbele yake," Millicent alisema, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Naliaka alidhani amefukuzwa. Laiti ingekuwa hivyo, pengine angekuwa mtu huru mwenye njaa. Lakini Mama Macharia alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hatupi mkono mzuri kwa sababu ya mdomo mbaya. Januari alimchukua Naliaka kwenda naye jijini. "Nikuweke karibu," alisema, "nikuchunge." Naye Naliaka alikwenda, kwa kuwa Nekesa alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni, na kwa kuwa wale vibarua wa kusuka walioachwa bila kibanda aliwajua mmoja mmoja, na alijua wanakula nini.

Chumba kilikuwa juu, nyuma ya maduka ya simu, mwisho wa ujia uliokuwa na taa inayopepesa. Hakikuwa na dirisha. Mteja aliyefikishwa huko na madalali wa mtaani alikuwa amepanda ngazi hata miguu ikamtetemeka, na asingependa kushuka mikono mitupu. Mama Macharia alikuwa amekichagua akijua hilo. Naliaka aliendelea na masomo Kabiria, ingawa sasa alifika akiwa amechelewa, na siku nyingine alifika wenzake wakiwa wanafunga vitabu. Insha aliikamilisha. Ilikuwa fupi. Mwalimu Kalekye aliisoma kimya, akamrudishia bila alama, akamwambia hajui ampe ngapi.

Siku moja mwishoni mwa Januari aliletwa mwanamke wa makamo, amevaa suti ya ofisini, akihema kwa ajili ya ngazi. Aliketi. Mama Macharia akampongeza kwa suti, akampa maji ya kunywa. Naliaka akasimama nyuma yake, kitana mkononi, akatenga nywele utosini. Nywele za kuunganishia zilikuwa tayari kati ya vidole.

"Mtachukua muda gani?" mwanamke aliuliza. "Nina mtoto anatolewa shuleni saa tisa."

"Dakika kidogo tu, mrembo," Mama Macharia alisema.

Mwanamke akainua macho kwenye kioo, akamtazama Naliaka, kama wanavyofanya wote. Vidole vya Naliaka vilisimama hewani, msuko haujafungwa.

"Mpaka jioni, dada," alisema. "Saa kumi na moja, au kupita."

Mwanamke alitazama huku, akatazama kule. Aliinuka, akashukuru kwa maji, akachukua mkoba wake. Visigino vyake vilisikika vikishuka ngazi kwa muda mrefu, kisha havikusikika.

Wakabaki wawili katika chumba kile, mbele ya viti vitupu. Mama Macharia hakuwa na hasira tena. Alionekana mzee, na mchovu, na kodi ya chumba kile ilikuwa yake pia.

"Umefurahi sasa?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi kwa nini, Mama Nekesa? Niambie nielewe. Huna kibanda, huna akiba, unanimaliza mimi na unajimaliza wewe. Kwa nini?"

Naliaka aliikunjua ile nywele vidoleni, akaitundika polepole msumarini.

"Kwa sababu ameuliza," alisema.

Nawe msomaji uliyefika hapa, kisa hiki usikikunje ukakiweka chini ya godoro. Mpe jirani yako akisome, na kama hajajua kusoma, keti naye umsomee, kisha mwambie naye ampe mwingine.